Malalamiko Kuhusu Kanuni ya Wati Iliyotoka Ndani ya Gari

Kwa Fundi wa Redio za Magari,
Kibanda cha bluu, nyuma ya kituo cha mafuta.

Mheshimiwa Fundi,

YAH: KANUNI YAKO KUINGIA NYUMBANI KWETU

Natumaini u mzima wa afya na kidole ulichokiunguza siku ile kimepona. Mimi ni binti wa yule mwenye gari jeupe aliyeunguza spika za milangoni mara tatu mfululizo. Kwanza nakushukuru. Tangu umfungie spika na amplifaya zinazolingana, muziki unasikika vizuri na hatunusi tena moshi tukifika kona ya shule. Lakini, kwa heshima zote, umeiharibu nyumba yetu. Mwalimu wa lugha ametufundisha kupanga hoja kwa namba, nami nazipanga.

1. Ulimwambia baba asidanganywe na namba kubwa iliyo mbele ya boksi, kwa kuwa hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua macho. Atazame namba ndogo ya nyuma, ambayo spika huibeba kutwa nzima, kisha alinganishe hiyo na amplifaya. Baba alirudi akiwa mtu mwingine. Nilipomletea mtihani wa hesabu wenye alama tisini na mbili, aliugeuza. Nyuma hapakuwa na kitu. Akasema, "Hizi ni za kwenye boksi, mwanangu," akazigawanya kwa nne kama ulivyomfundisha kuzigawanya za boksi. Sasa nina ishirini na tatu.

2. Amebandika karatasi kwenye kila kiti cha mezani. Mama ni wati mia mbili za kudumu. Bibi ni themanini, ila akiona panya hufika elfu moja. Mdogo wangu wa miezi minne ameandikiwa wati tatu, na baba hana maelezo kuhusu sauti inayomtoka. Mimi nimepewa kumi. Nilipouliza nimepimwaje, niliambiwa hata swali lenyewe nimeliuliza kwa wati kumi.

3. Ulimfundisha pia kwamba amplifaya ndogo ikilazimishwa kupiga kelele huanza kukwaruza, na mkwaruzo huo huunguza spika upesi kuliko amplifaya kubwa iliyotulia. Sasa shangazi yangu ni mwembamba na sauti yake ni ya juu. Alipokuwa akimsema baba kuhusu zile karatasi, baba alimsikiliza kwa makini, kichwa upande, kisha akamwambia kwa upole, "Dada, unakwaruza. Utatuunguza." Shangazi alijibu maneno ambayo hayafai kuandikwa katika barua rasmi.

4. Kwa sababu hiyo tumewekewa fyuzi. Ulisema fyuzi ikae karibu na betri. Baba ameamua kuwa betri ya nyumba ni jiko, hivyo fyuzi ni mlango wa jikoni. Anayezidi kipimo chake hutolewa nje hadi apoe, na kabla ya kurudishwa baba humgusa mgongoni kwa kiganja, kama ulivyomwonyesha kuigusa amplifaya. Bibi alikatwa katikati ya sala. Shangazi yuko nje tangu saa nne asubuhi, amekalia ndoo, na kila baba akienda kumpima humkuta amepata moto upya.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Nimechaguliwa kusoma hotuba ya kuwakaribisha wazazi siku ya Ijumaa, ukumbini, mbele ya watu mia nne. Nimeisoma mbele ya kioo kwa wiki tatu. Sijawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote isipokuwa kufuta ubao. Baba amemwandikia mwalimu mkuu kwamba spika ya wati kumi haifungwi ukumbini, nitapasuka mbele za watu, hivyo nifungwe kwenye chumba kidogo. Mwalimu mkuu, ambaye naye ana gari, amekubali. Nitawakaribisha wazazi nikiwa ndani ya stoo ya chaki. Wazazi wawili, wanaonitosha, wataletwa humo.

Kwa hiyo naomba uje na kile kipimo chako cha nyaya mbili, unipime, kisha uniandikie cheti chenye mhuri. Kama huna nafasi, mwambie baba jambo moja tu: kwamba kanuni ya wati huishia kwenye milango ya gari. Hakuna mtu mwingine ambaye baba humsikiliza.

Nisalimie mkeo, wanao, yule mzee wa kuziba pancha hapo jirani, na wote ambao spika zao bado ni nzima.

Wako mtiifu,
Bintiye mwenye gari jeupe
(wati 10, kwa mujibu wa kiti)

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, bibi ameniomba nimsomee, maana miwani yake haionekani. Nimeisoma yote kwa sauti ya kumfikia hata shangazi kule nje. Sikujua kwamba baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipomaliza aliniwekea kiganja mgongoni, akasema, "Barua nzima, hajakwaruza wala hajachemka." Amefuta ile kumi kwenye kiti changu na kuandika mia moja na ishirini za kudumu, na sasa hivi yuko kwenye simu na mwalimu mkuu kuhusu ukumbi. Tafadhali usije. Kanuni yako ni nzuri sana na naomba isiguswe. Shangazi anasema nimemsaliti, lakini amesema kwa kukwaruza, kwa hiyo bado yuko nje.