Meza Moja Kando ya Ziwa

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wangu Kokubanza ameomba kitu. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na hii ndiyo mara ya kwanza anaomba kitu kisicho bati wala sabuni. Anataka siku ya Nane Nane tushuke Bukoba, mimi na yeye, tukae meza moja kando ya ziwa, tule chakula ambacho hakukipika yeye. Basi. Kisha akaongeza, huku akimenya ndizi bila kunitazama, kwamba nikiliharibu hili hataniomba tena.

Nimemwambia aniachie mimi. Akasema hapo ndipo hofu yake inapoanzia. Mcheshi sana mama huyu.

Kazi yenyewe ni kuchagua hoteli tu. Mwanyumba wangu Kyaruzi, aliyemwoa mdogo wake Kokubanza, alimpeleka mkewe Bagamoyo mwaka juzi, na mpaka leo ukoo mzima unaonyeshwa picha za kamba waliowala. Kamba! Mdudu mwenye ndevu. Sisi tuna pwani yetu. Maji yapo, mchanga upo, upepo upo, na chumvi mtu anajinyunyizia mwenyewe kwa kiasi anachotaka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefunga duka la pembejeo mapema na kubandika mlangoni kwamba niko kwenye utafiti. Wateja wangu wa Kagoma watadhani natafiti mbolea. Nikapanda gari kwenda Bukoba.

Hoteli ya kwanza ina vioo na viti vya kuning'inia. Nilikaa, kiti kikanizungusha, nikajikuta natazama ukuta. Orodha ya vyakula iko ndani ya simu, unapiga picha alama iliyobandikwa mezani ndipo inatokea. Simu yangu ilinionyesha uso wangu. Nikaulizia ndizi. Mhudumu akasema zipo, vipande vinne, vimekaangwa, na jani la mnanaa juu. Vipande vinne! Kwetu hicho ni kipimo cha kumwonjesha mtoto ambaye hajaota meno.

Ya pili ina muziki. Niliagiza soda, ikatetemeka mezani mpaka ikanifikia bila kuivuta. Nikamfikiria Kokubanza akinieleza jambo la moyoni na mimi nikimjibu kwamba ni saa nane na nusu. Hapana.

Ya tatu ni ya mama mmoja aitwaye Anatolia. Vibanda vya nyasi mchangani, uzio wa matete kati ya kibanda na kibanda, sato wa kuchoma, ndizi zimefunikwa kwa jani la mgomba kama zinavyostahili. Nilijitambulisha kuwa mtangulizi wa msafara mkubwa, ili nionjeshwe. Anatolia akavitazama viatu vyangu, akasema misafara mikubwa anayoifahamu yeye haiji na vumbi jekundu mpaka kwenye soksi. Hata hivyo aliniletea supu ya kichwa. Nimemchagua. Kibanda cha mwisho, meza moja, viti viwili.

Kokubanza alipoambiwa alicheka, akanipa ndizi ya ziada. Kumbe mambo haya ni rahisi.

Jumatano, 6 Agosti

Kyaruzi amepita dukani kununua dawa ya kuku. Sikukusudia kumwambia. Nilimgusia tu habari za ziwa, kibanda, sato, na jinsi watu wengine wanavyosafiri siku mbili kwenda kula wadudu. Alisikiliza kwa upole. Kyaruzi akiwa mpole, funga milango.

Akauliza kama mama mkwe wetu naye anakwenda. Nikacheka, nikasema mwanaume anayejiweza hamwachi nyuma mama wa watu. Yalikuwa maneno ya kujaza hewa. Yeye aliyabeba kama yalivyo, akayafikisha kwa mama mkwe kabla hajawafikishia kuku dawa.

Jioni mama mkwe Agnetha akapiga simu kwa Kokubanza kushukuru. Tayari amekitoa sandukuni kitenge chake cha Pasaka.

Sasa, kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawali wakionana. Ndiyo heshima yetu. Mimi nikimwona anatafuna, nimemkosea. Yeye akiniona natafuna, ameaibika. Watu wa namna hiyo huwezi kuwapanga kwenye meza yenye viti viwili.

Kokubanza hakugomba. Angegomba ningejua pa kuanzia. Alisema tu, "Baba Nancy, mimi nilisema meza moja."

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi Kokubanza alinijia akitabasamu. Mama yake amepata njia: tumshushe Nshambya, hapo hapo Bukoba, kwa dada yake Magdalena, washinde huko wakiongea, sisi twende zetu ziwani, jioni tumpitie. Amesema mwenyewe, bila kusukumwa. Na kwamba safari ndefu zote anazopenda siku hizi zinaishia kwa Magdalena.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi sikuzaliwa jana. Niliuona mkono wa Kyaruzi waziwazi: nikikubali, Jumapili kanisani itasikika kwamba Kahigi, yaani mimi, alimtelekeza mama mkwe njiani kama gunia la mkaa. Nikamwambia Kokubanza ajibu kwamba chakula hakitanipita kooni nikijua mama yetu hajala samaki wa ziwani. Mama akakataa. Nikasisitiza. Akakataa tena. Nikasisitiza kwa nguvu zaidi, mpaka akakubali kwa sauti ya mtu anayekubali sindano.

Tabasamu la Kokubanza liliondoka naye kwenda jikoni na halikurudi.

Nimemfariji kwa kumweleza mpango. Vibanda viwili jirani. Mama kimoja, mimi kingine, yeye atakula kwa zamu, ndizi huku, samaki kule. Uzio wa Anatolia unaishia kifuani, kwa hiyo nimefungasha jamvi letu la sebuleni tuuongeze urefu. Nimemwambia aone bahati yake, aliomba meza moja amepata mbili.

Hakushangilia.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Nina masizi kwenye kola. Nitaandika kwa kifupi.

Jamvi nililifunga vizuri, kwa kamba ya mgomba. Anatolia aliuliza kama naogopa ziwa litanitazama. Nikamweleza habari ya mama mkwe. Yeye pia ni Mhaya, akaelewa, lakini akasema upepo wa mchana hauna mkwe. Nikampuuza.

Chakula kikaja. Nikatuma salamu kupitia Kokubanza kwamba siwezi kuanza kabla ya mama. Mama akatuma salamu kupitia Kokubanza kwamba hawezi kuanza kabla ya mwenye safari. Nikatuma tena. Naye akatuma tena. Kokubanza alikuwa anapita mchangani huku na huku, viatu vyake vizuri mkononi, na sato wawili wanapoa. Mwisho alisimama katikati akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya kutufikia wote, kwamba asiyeanza sasa hivi atakula makaa.

Tukaanza. Mke wangu akaja kwangu, akakaa kiti cha mbele yangu, akatazama maji, akashusha pumzi. Kwa kweli alipendeza. Nikawa nataka kumwambia hivyo, lakini nilikuwa nimeshika kichwa cha sato kwa mikono miwili, nanyonya jicho, na jicho halisubiri.

Hapo ndipo upepo ulipofika.

Jamvi liliinuka lote pamoja, kama mtu aliyekumbuka ana safari, likapita juu na kuangukia bakuli la maharage la mama mkwe. Akageuza uso kuona limetoka wapi. Limetoka kwangu. Mimi na kichwa cha sato tukamtazama.

"Waitu," mama mkwe alishangaa taratibu kwa Kihaya, akajifunika kitenge cha Pasaka uso mzima.

Nilitoka kwa magoti na sahani yangu. Nimemalizia chakula jikoni kwa Anatolia, nimekaa juu ya kuni. Kupitia upenyo wa ukuta niliwaona Kokubanza na mama yake wamehamia meza moja, ileile ya kwetu, miguu mchangani. Walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nadhani walikuwa wanaongea habari za Kyaruzi.

Kabla ya kuondoka Kokubanza alikuja jikoni na kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na mkia wa sato. Akasema alikuwa ameuweka ili tuumalize pamoja, mimi na yeye, tukitazama maji. Akanipa, akaenda garini.

Mkia ulikuwa mtamu. Umepoa kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Kokubanza ameniuliza kama jamvi limefuliwa. Nimefua mwenyewe. Maharage yakishakauka kwenye jamvi yanakuwa sehemu ya familia.

Jumapili, 10 Agosti

Alisema hataniomba tena, na ni kweli, hakuomba. Baada ya ibada aliniarifu. Ameongea na Anatolia yeye mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 30, kibanda cha mwisho, meza moja, watu wawili. Kazi yangu ni moja, kufunga mdomo. Nisimwambie mtu, na hasa nisimwambie mtu mwenye jina linaloanza na Kya.

Akanishika mkono kidogo aliposema hivyo. Hajafanya hivyo mbele ya kanisa tangu siku ile ya pete. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, na nikaamua kwamba safari hii hata jicho la samaki nitaliacha lisubiri.

Jumatatu, 11 Agosti

Kyaruzi amekuja dukani kunipa pole ya jamvi. Anasimulia mpaka rangi yake. Ukoo mzima umecheka, anasema, isipokuwa mama mkwe, ambaye bado anaona haya kwa niaba yangu.

Sikumwambia kitu. Nilimwambia tu kwamba acheke haraka, maana tarehe 30 kuna watu watakaa kwa Anatolia, kibanda cha mwisho, kama wafalme. Siku, mahali na kibanda, basi. Siri yenyewe sikuitoa. Akasikiliza kwa upole. Akauliza kama mzee wangu atakuwepo. Nikacheka, nikasema mwana anayejiweza hamsahau baba yake.

Saa moja baadaye baba, Mzee Rugambwa, amepiga simu. Machozi yalikuwa karibu. Anasema hajawahi kualikwa hotelini na mtoto wake, na anataka kujua kama avae koti au kanzu.

Nimemwambia koti.

Tatizo ni dogo. Kwetu baba mkwe na mkamwana nao hawali wakionana. Kokubanza bado sijamwambia, na sioni haraka, amefurahi leo, anaimba jikoni. Jamvi limekauka. Jirani ana lingine kubwa zaidi, na dukani kwangu waya ipo.

Safari hii nafunga kwa waya.