Ombi la Kurudishiwa Uvujaji wa Hita ya Fuso Yangu

Ilyasi Habiyaremye,
Nyakabanda, Kigali.

Kwa Mwenyekiti,
Ushirika wa Mafundi Magari wa Mteremkoni,
Nyakabanda.

Ndugu Mwenyekiti,

Kuhusu: Fundi Mugenzi kulitengeneza gari langu likatengenezeka

Nakusalimu kwa heshima, wewe na kamati yako, na hata yule mlinzi wenu anayelala wima getini. Mimi ndiye mwenye Fuso ya bluu inayoleta viazi kutoka Musanze. Sina tabia ya kulalamika, muulize yeyote mtaani. Nimewahi kutoka gerejini kwenu na breki zinazolia kama mbuzi wa Idi, nikasema ahsante. Niliwahi kuleta gurudumu mkanibadilishia taa, nikasema ahsante vilevile. Lakini hili la sasa limenifika hapa kooni. Fundi wako Mugenzi alitafuta mahali maji ya hita yalipokuwa yakivuja, akapaona, akapaziba, na mpaka ninapoandika haya hapajavuja tena hata tone! Nayapanga malalamiko yangu kwa namba ili kamati isije ikasema haikuelewa.

1. Kwanza kabisa, hakuna aliyemtuma kuziba. Gari nililileta kwa sababu mke wangu Raihana alichoka na ile harufu tamutamu ndani ya kebini na ule mvuke unaopanda kioo cha mbele kila tukiwasha hita kwenye baridi ya kule juu. Nikalileta kama sisi waungwana tunavyoleta magari kwenu, yaani nikirudi nyumbani niseme nimelipeleka. Nilitegemea abadilishe rejeta isiyo na kosa, anipe pole, aseme vipuri vyake vinatoka Dubai, kisha niondoke na uvujaji wangu. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka yote na hatukukosana.

2. Utaratibu alioutumia ni wa kutia aibu. Hakugonga kitu nyundo. Hakuita wenzake watano waje kuinama na kutikisa vichwa. Alisubiri injini ipoe, akafunga pampu ya upepo pale penye mfuniko wa rejeta, akajaza upepo kiasi, akatulia anatazama mshale wa kipimo ukishuka. Kisha akazima redio yangu bila ruhusa, akaingiza kichwa chini ya dashibodi upande wa abiria, akasikiliza. Mwenyekiti, fundi anasikiliza gari! Akapitisha kitambaa cheupe, kikatoka na rangi ya kijani, akasema mpira unaoingiza maji ya moto kwenye hita umepasuka mdomoni na ile pete ya chuma inayoubana imelegea. Akakata kipande kibovu, akaurudisha, akaweka pete mpya na kuikaza kwa bisibisi, akajaza maji, akaacha injini ingurume na hita wazi mpaka mapovu yakaisha. Nilibaki nimesimama na maneno yangu ya kugombana, nikakosa pa kuyaweka.

3. Sasa nakuja kwenye msiba wenyewe. Ninaye mama mkwe, Bi Mukarugwiza, mama yake Raihana, mjane wa dereva wa malori ya zamani. Anaishi hapa Kigali, ila ana shamba la viazi Musanze, palepale ninapopakilia. Siku zote alisafiri kwa basi, kwa kuwa upande wa abiria kwenye Fuso yangu ulikuwa bwawa, na yeye hapendi kulowesha viatu. Jioni ileile ya matengenezo Raihana aliweka mkono wake sakafuni mwa gari, akaukuta mkavu, akapiga kigelegele. Akatangaza mbele ya majirani kuwa kuanzia sasa mama ataenda shambani na mkwewe, kwa raha, miguu ikipigwa joto. Yewe! Mimi nikatabasamu, Mwenyekiti. Ningefanya nini? Tangu hapo kila safari yuko pembeni yangu na mkoba wake mkubwa mapajani, ambao haruhusu mtu kumbebea.

4. Wewe ni mtu wa hapa, unaijua heshima yetu. Mkwe hatafuni mbele ya mama mkwe wake. Heri akutwe anaiba kuliko akutwe anatafuna. Natoka nyumbani alfajiri na chai ya rangi, narudi Isha, na katikati hapo mdomo wangu unafanya kazi ya kusema ndiyo mama na hapana mama. Nikisema nashuka kula, itabidi nimkaribishe. Nikimkaribisha itabidi akatae. Akishakataa, na mimi sina tena njia ya kula. Kusema nashuka kujisaidia ndiyo kabisa, neno hilo halitamkwi mbele yake. Juzi nilijificha nyuma ya magunia na sambusa ya moto. Akaniita kuuliza kama kamba zimekaza. Nikaimeza nzima ili niitike vizuri. Imenichoma mpaka leo, na kamba zenyewe zilikuwa hazijakaza.

5. Zamani gari ndilo lililokuwa likinisemea. Tukifika Nyirangarama, kile kituo cha katikati ya njia, mshale wa joto ulikuwa unapanda wenyewe, nasimama, nachukua dumu, namtangazia yeyote niliyempakia kuwa injini ina kiu. Hakuna mwanadamu anayeweza kubishana na injini yenye kiu. Nikifika kwenye maji nakaa kwa Mukamana, mchoma nyama, nakula burusheti, yaani mishikaki ya mbuzi, na ndizi za kuchoma, nanawa, narudi na dumu langu kama mchapakazi. Huo ndio ulikuwa uhuru wangu wote duniani, sina mwingine. Nyumbani anatawala Raihana, sokoni anatawala bei, umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, unasimamiwa na kiongozi wa mtaa. Pale tu, kati ya bomba la maji na jiko la mkaa, ndipo nilipokuwa Ilyasi. Sasa Fuso inapita Nyirangarama kama haijui mtu, moshi wa nyama unaingia dirishani, na mama mkwe ananiambia nifunge kioo. Wahenga walisema adui muombee njaa. Mugenzi hakuniombea, alinitengenezea.

6. Tena usidhani ni njaa yangu peke yangu. Mukamana ameanza kuniuliza kwa simu kama nimehamia kwa mchomaji mwingine. Mbuzi wanabaki bila kuliwa. Wafugaji watavunjika moyo. Na nyinyi je? Gari likitengenezwa mara moja likapona, litarudi kufanya nini kwenu? Mtamshauri nani anunue pampu mpya? Cheti chenu kile cha ubora, kikubwa kuliko dirisha la ofisi, mlikitundika bila tatizo lolote miaka yote hii kwa sababu hakuna aliyekijaribu. Leo kijana mmoja amekichukulia kwa dhati. Akiachwa aendelee, watu wataanza kuuliza maswali, na maswali yakianza kwa mafundi hayataishia kwa mafundi. Yatapanda mpaka kwa wenyeviti. Nasema kwa heshima.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Fundi Mugenzi aitwe mbele ya kamati na aamriwe kunirudishia uvujaji wangu kama alivyoukuta, mahali palepale, upande wa abiria, wenye unyevu wa kutosha kumrudisha mtu mzima kwenye basi. Kama ule wa zamani umeshapotea, niko tayari kupokea mwingine wa aina hiyo. Pili, apewe mafunzo chini ya fundi mwenye uzoefu, yule aliyenibadilishia taa. Tatu, jambo hili liwe siri, maana Raihana akisikia kuwa nimeomba gari liharibiwe ili mama yake apande basi, nitalala ndani ya hiyo Fuso, na humo sasa, kwa bahati mbaya, ni pakavu.

Nisalimie mafundi wote, wapiga rangi, na mama wa uji. Mwambie mlinzi aamke. Mimi ni mteja wako mtiifu na mwenye njaa,

Ilyasi Habiyaremye

Nyongeza: Mwenyekiti, barua hii ilikuwa mfukoni leo tulipokwenda Musanze, nikikusudia kuileta ofisini kwako jioni. Naomba uisome lakini usiitekeleze. Kabla ya kufika Nyirangarama nilisikia ile harufu tamutamu. Nikatazama chini, sakafu ya upande wa abiria imelowa! Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikamtazama mama mkwe kwa huruma ya uongo, tayari kumpa pole na kumwelekeza kituo cha basi. Mama mkwe alikuwa amevaa mabuti ya mpira. Amekuja nayo kutoka nyumbani, na chini ya miguu ameweka karai la plastiki. Akanieleza kwa upole kuwa marehemu mumewe alikuwa hapiti Nyirangarama bila kusimama, kwa sababu injini ya watu wenye adabu hupata kiu palepale, na kwamba yeye atabaki kulinda gari, nisifanye haraka. Nikaenda na dumu langu. Mukamana karibu anikumbatie. Niliporudi nimenawa, nilimkuta mama mkwe anajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio, anatazama milima. Kijiti cha burusheti kilikuwa kinaelea ndani ya karai. Sikukiona, na yeye hakuona mafuta kwenye kola yangu. Tukiteremka kuja Kigali nikafunga breki ghafla, mkoba ukamponyoka, ikaanguka bisibisi. Hiyo pia sikuiona, ila nilimwokotea. Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, namba moja hadi sita. Mugenzi asiguse hita yangu tena, na nakiri kuwa ni fundi hodari kupita kiasi. Mama mkwe anamsalimu. Anamwomba siku nyingine asikaze sana ile pete, mikono yake imezeeka.