Basi Limo Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi
Programu yangu ya simu imekamilika! Inaitwa Lipo Wapi. Abiria anaona basi la mtaa wetu limefika wapi, anatoka nyumbani wakati wake, hasimami juani kama mlingoti. Mke wangu kasikiliza huku anakunja nguo. Kasema kufikia Jumamosi nisipopata watumiaji, Jumatatu nianze kazi kwenye duka la saruji la kaka yake. Shemeji huyo! Ananiita Mvumbuzi mbele za watu, halafu anacheka peke yake. Sibebi saruji ya mtu. Labda nife.

Jumanne, 4 Machi
Kikwazo kidogo. Programu haijui basi lilipo mpaka ndani yake kuwe na simu. Dereva kakataa kutoa yake. Kasema ana mke mmoja wa kumfuatilia, anamtosha. Yangu naifanyia kazi. Mama mkwe, tunayeishi naye, ana simu anayomulikia stoo tu. Nimeiazima. Yeye hajui, lakini nimeiazima. Iko chini ya kiti cha nyuma cha basi.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Nusu ya mtaa wameipakua. Mwalimu wa chekechea kaniambia leo kamaliza chai yake akiwa amekaa. Nimepita mbele ya duka la shemeji makusudi, kifua mbele, kisha nikarudi nikapita tena. Mama mkwe anatafuta simu yake. Nimemsaidia kutafuta, hata uvunguni.

Alhamisi, 6 Machi
Uaminifu wa dereva umeniponza! Jana jioni akifagia basi kaiona simu, kaona picha ya mama mkwe kwenye kioo, leo alfajiri kamletea. Mama mkwe kaitia mkobani. Mimi niko usingizini, fofofo.

Nikaamshwa na hodi. Fundi cherehani, mwalimu, muuguzi, na foleni hadi getini. Wakasema kwa adabu kwamba basi limo sebuleni kwetu. Mama mkwe akadhani tumefiwa, akaanza kulia. Alipotulia akachukua mkoba wake, akatoka kwenda kliniki kupima presha. Basi likaanza kutembea kwenye simu zao. Wakalifuata! Mpaka kliniki. Nasikia fundi cherehani alipimwa presha pia. Iko juu.

Ijumaa, 7 Machi
Wote wameifuta programu. Kikao cha familia, shemeji kaja bila kualikwa. Mama mkwe kasema kufuatwa hakukumuudhi. Kilichomuuma ni kupiga magoti uvunguni, na magoti yake yale, huku mimi najua simu ilipo. Hapo niliona haya kwelikweli. Kisha nikajitetea. Ramani haikukosea hata hatua moja! Lililokosea ni basi, kwa kutokuwemo. Shemeji kacheka mpaka kapaliwa. Mke wangu hakucheka. Kasema hamna haja ya kungoja Jumamosi.

Jumatatu, 10 Machi
Saruji puani, saruji masikioni. Nimebeba kwa mabega tu, moyo wangu haumo. Waniite watakavyo, sijashindwa.

Ila nimegundua kitu. Shemeji ana lori la kupelekea wateja mizigo. Linazunguka mitaa yote na likirudi halina kitu nyuma, watu wangeweza kupanda. Saa hizi liko wapi? Hata yeye hajui! Kinachokosekana ni simu.

Mke wangu kamnunulia mama yake simu mpya, chaji yake haiishi upesi. Iko mezani. Mama mkwe yuko bafuni, anaimba.