Goti la Bibi Kheiria na Kanisa la Simu

Jumanne, 14 Oktoba

Nanteza tena! Ijumaa ibada kaongoza yeye, na Ijumaa ijayo anataka yeye. Kanisa letu ni la simu. Sisi wasichana wa kazi wa hapa Muscat, Waganda na Wakenya, kila mtu jikoni kwa tajiri wake, sikio kwenye maombi, jicho kwenye sufuria. Nanteza yuko upande wa Al Amerat. Nyumba yao ina mtandao mkali, na huo ndio upako wake wote. Leo kwenye kundi letu nimemuuliza kwa upole kwa nini mimi sipewi zamu. Akajibu kwamba anayesimama mbele awe na ushuhuda. Nikasema ninao! Bibi Kheiria, mwenye nyumba wangu, nimemwombea goti lake. Ijumaa mtamwona kwa video, anatembea bila fimbo. Dada zangu wakamimina amina mpaka simu ikapata moto.

Sasa nitafanyaje, jamani?

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemkanda Bibi goti kwa mafuta ya karafuu. Kafurahi sana, kasema nina mikono mizuri. Kisha kaomba fimbo yake, kaenda msalani. Goti halina habari na Ijumaa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepata! Sikusema goti litapona. Nilisema atatembea bila fimbo. Hayo ni mambo mawili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Asubuhi nimeficha fimbo nyuma ya friji. Ibada ikaanza, nikapewa nafasi, nikaelekeza simu mlangoni. Wenzangu husema wanachotaka jikoni kwao, matajiri wao ni Kiarabu tupu. Mimi furaha ikanipanda, nikasahau ninakaa kwa nani. Bibi kazaliwa Unguja! Kiswahili changu hukisahihisha kila siku. Nikapaza sauti kwamba Bibi na fimbo ndio basi tena. Mara huyo mlangoni, hana fimbo, anajishikilia ukutani. Kwenye simu vigelegele! Nanteza analia kabisa.

Bibi akanyoosha mkono, nikampa simu. Mwenzetu mmoja alinyang'anywa simu mwezi wa tatu, mpaka leo hatujui yuko wapi. Hawa dada ndio watu wangu hapa. Bila wao ningebaki kuzungumza na pasi.

Bibi akawatazama kwenye simu. "Fimbo yangu nnaitafuta tangu asubuhi," akawaambia. "Muulizeni huyu."

Nikaitoa nyuma ya friji.

Bibi akavuta kiti, akakaa. Akamwambia Nanteza aendelee, maana humsikia kila Ijumaa kutoka sebuleni, na huyo ndiye anayejua kuomba. Goti lake wasilisahau. Ila waombee goti, fimbo waiache. Akanirudishia simu yangu mkononi. Nililia, na yalikuwa machozi ya kweli.

Jumamosi, 18 Oktoba

Simu ninayo. Kazi ninayo. Asante Mungu! Usingizi kama wa jana sijaupata tangu nishuke uwanja wa ndege. Nanteza kanisamehe mbele ya watu wote, kwa sauti ya kichungaji, karibu nitapike. Lakini nimetulia, nimefikiri, nimeona kosa langu lilikuwa wapi.

Fimbo ni ndefu mno kuificha.

Macho ya Bibi nayo hayaoni vizuri. Miwani yake ni midogo, imeingia sawasawa kwenye pipa la mchele. Dada zangu nimeshawaambia Ijumaa wakae tayari.