Majibu ya Utumbo wa Mwanangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Leo nimemwahi mkamwana! Yeye mwalimu, mimi niliishia darasa la nne, lakini kwenye dirisha la maabara nimefika kabla yake. Nikasema mimi ndiye niliyemzaa mgonjwa. Wakanipa daftari nitie sahihi, kisha bahasha: majibu ya kile kipande cha utumbo mpana alichotolewa mwanangu, fundi redio, wiki tatu zilizopita. Hospitali yetu ndivyo ilivyo. Ndugu mnabeba wenyewe majibu mpaka kwa daktari wa saratani.

Nikampitia muuza dawa anisomee. Akasoma, akavua miwani. Nikamwambia aivae, sikuja kutazama macho yake. Akasema uvimbe wa mwanangu una seli za sura mbili: nyingine za saratani ya kawaida ya utumbo, nyingine zimechukua tabia ya zile zinazotoa homoni. Wenye hizo, akasema, mara nyingi ugonjwa huenda mbio. Kisha akaniita bibi kwa sauti ya msibani. Mpuuzi!

Jumanne, tarehe 5 Machi
Mpango tayari. Mwanangu ana moyo mwepesi. Utotoni alizimia kwa kuona kuku akichinjwa. Karatasi hii itammaliza kabla ya ugonjwa wenyewe. Nimeishonea ndani ya mto wangu.

Mkamwana akauliza majibu. Nikasema hayajatoka, mashine ya maabara imeharibika. Mwanangu akauliza mashine gani, imeharibika nini. Nikamwambia anywe uji.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Kliniki. Daktari kasema bila majibu hajui aanze na dawa gani, turudi wiki ijayo. Wiki nzima ya amani! Jioni mwanangu kafungua redio ya jirani, anapiga mluzi. Nani kamfanya apige mluzi? Mimi.

Jumatatu, tarehe 11 Machi
Mluzi hakuna. Anashika ubavu wa kulia, anasema si kitu, mama. Suruali kaifunga kwa waya. Nikamgombeza kwa kuharibu waya mzuri. Kisha nikaenda uani kufua nguo zilizokuwa safi.

Jumatano, tarehe 13 Machi
Nimeumbuka. Mkamwana kaenda maabara, wakamwonyesha daftari na sahihi yangu, ile kubwa ya kujivunia. Hakufoka. Afadhali angefoka! Alikaa kitandani kwangu akasema, mama, nipe. Nikaufumua mto. Sufi ikatapakaa chumba kizima, nami nikamkaripia kwamba anaikanyaga.

Alhamisi, tarehe 14 Machi
Daktari kasoma mara mbili. Kasema zile seli si hukumu: wengine huwaendea vibaya, wengine huishi miaka, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Lakini kwa ugonjwa unaoweza kwenda mbio, wiki moja si kitu cha kuchezea. Akauliza kilichochelewesha ni nini. Mkamwana akatazama viatu vyake. Mwanangu akajibu kwamba mashine ya maabara iliharibika.

Hakunitazama. Fundi yule! Alijua tangu siku ile kwamba hakuna mashine iliyoharibika. Naye aliogopa kuyasikia majibu. Kumbe tulikuwa tunajificha wawili, na mkamwana peke yake ndiye aliyekuwa akitutafuta.

Nyumbani nimeapa mbele yao wote wawili: sitaficha karatasi ya hospitali tena maishani mwangu.

Ijumaa, tarehe 22 Machi
Dripu ya kwanza ya dawa ya saratani aliwekewa Jumatatu. Katapika siku mbili. Mimi nilishika beseni, mkamwana akashika kichwa. Kisha tukagombania kichwa. Mwanangu akasema kiko kimoja, tugawane. Alicheka peke yake, sauti imekuwa nyembamba kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Daktari alitaka ini lipigwe picha. Majibu yanatolewa leo saa nne. Mkamwana alitaka kuomba ruhusa shuleni. Nikamwambia asiwatupe watoto wa watu, nitakwenda mimi. Akanitazama sana. Nikamuuliza kama nina pembe.

Niliapa karatasi. Picha si karatasi. Saa moja na nusu sasa, dirisha bado limefungwa, na wa kwanza kwenye foleni ni mimi.