Daftari Lisilo na Mkwaruzo

Jumatatu, 6 Mei

Asubuhi: jua, upepo kidogo. Mvua ilianza kabla sijafunika kalamu. Neno jua nimeliacha lilivyo. Sijawahi kukata neno katika kitabu chochote nilichoandika, na sianzi leo. Nikaenda kazini bila mwavuli. Nikafika nimelowa chapachapa.

Bosi katangaza: Ijumaa anakuja mkaguzi. Anataka orodha ya programu zilizosakinishwa kwenye mashine, yaani kompyuta za Linux, za matawi yetu tisa ya maktaba. Mwenye orodha inayolingana na mashine ataajiriwa moja kwa moja kuwa msimamizi. Mwingine atabaki kibarua. Vibarua ni wawili: mimi, miaka mitatu sasa, na Miwani wa meza ya pili, miezi minane!

Miwani akasema hana haraka. Kila mashine inajiandikia yenyewe nani kasakinisha nini na lini. Ni kuiuliza tu kutoka hapa hapa. Nikamwambia mimi nina daftari. Wino mwekundu, rula, kila tawi ukurasa wake. Akacheka mpaka akavua miwani.

Nimelala saa nne kamili.

Jumanne, 7 Mei

Asubuhi: mawingu. (Nimechungulia kwanza. Mama Mdogo, ninayeishi kwake, kasisitiza.)

Nimeingia kwenye mashine ya Tawi la Kwanza kwa mtandao, bila kunyanyuka kitini. Daftari: programu arobaini. Mashine: thelathini na nane. Ramani ya nyota haimo, wala mwalimu wa kinanda. Nakumbuka: matawi yote yaliahidiwa hizo mbili mwaka juzi, nikaziandika mapema nisije nikachelewa. Sasa nizikate? Kwa wino mwekundu?

Nikapata njia safi zaidi. Nikazisakinisha. Dakika mbili, mashine ikalingana na daftari! Ajabu hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Tatizo dogo. Programu haiji peke yake, huja na programu ndogo zinazoiwezesha. Nilimwita mwalimu wa kinanda, akaja na wajomba, mashangazi na shemeji kumi na saba wasiomo daftarini. Nikawafukuza. Mwalimu akasusa, akaondoka nao. Nikamrudisha, wakarudi wote. Mwishowe nikaandika pembeni: "pamoja na jamaa zake." Hiyo si kukata. Ni kuongeza.

Jumatano, 8 Mei

Asubuhi: manyunyu.

Matawi yote tisa tayari. Programu zilizokosekana nimezitia, zilizozidi nimeziondoa. Nikanywa chai nikimtazama Miwani kwa huruma.

Saa nane simu ikalia. Mkutubi wa Tawi la Sita, mama mtu mzima, akasema mwanangu, mashine yangu inapiga kinanda. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Akasema sawa, lakini watu wamejipanga kuazima vitabu, na ile programu ya kuazimia haionekani, inakuja sayari ya Zohali tu.

Nikafungua ukurasa wa sita. Programu ya kuazima haimo! Nilisahau kuiandika zamani zile, basi asubuhi nikaiondoa pamoja na zilizozidi. Na ukurasa umejaa, hata pembeni kuna jamaa. Nikajikaza kisabuni. Nikamweleza kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, tawi lake haliazimishi vitabu.

Kisha akauliza, kumbe miaka kumi na tisa yote hii alikuwa anafanya nini pale?

Nikapekua daftari lote. Hilo nalo halijaandikwa popote.

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi: jua la kweli.

Miwani kaniletea karatasi. Ameziuliza mashine. Jina langu limo mara mia nne na sita. Akasema, "Dada, hizi mashine zimekuandika wewe zaidi ya ulivyoziandika." Akaniomba, kwa sauti ya chini, nirudishe ile programu ya Tawi la Sita kabla mkaguzi hajafika. Atanisaidia, hatasema kwa mtu.

Husuda! Nikakataa. Nikiirudisha, daftari linaharibika. Daftari likiharibika, kazi imekwenda.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi: jua.

Mkaguzi kachagua Tawi la Sita. Akapitia mstari kwa mstari, pamoja na jamaa wote wa pembeni. Akasema hajawahi kuona orodha inayolingana na mashine namna hii. Bosi akanipa mkono!

Kisha mkaguzi akataka kujua tawi limeazimisha vitabu vingapi wiki hii. Bosi akapiga simu, sauti ikawekwa juu tusikie sote. Mkutubi akajibu kwa adabu kwamba tawi lake haliazimishi, makao makuu wamethibitisha, ila kama wageni wanapenda, yeye sasa amefika somo la tatu la kinanda. Akatupigia wimbo.

Mashine zikaulizwa nani kaiondoa programu ya kuazima, zikataja jina langu. Miwani ndiye msimamizi. Mimi kibarua. Nimepewa orodha ya viti vya ofisi, niandike kwa penseli. Bosi akarudia: penseli, binti. Na kifutio.

Nimeandika kwa wino. Viti kumi na vinne. Nikahesabu: kumi na vitatu. Si neno. Nimechukua kiti cha Mama Mdogo, kipo mlangoni, Jumatatu nakibeba. Mama Mdogo anauliza atakalia nini. Nimemwambia nitaangalia kama yumo daftarini.

Nimelala saa tano na nusu. (Hapa nilikosea, sasa ni saa tatu. Macho yanajifumba. Lakini imeshaandikwa. Nangoja.)