Kerezo na Irabu Moja

Jumatatu, 3 Machi
Uniwie radhi, shajara, kwa kimya cha miezi minne. Nilikuwa nasugua kutu. Kerezo la marehemu baba mkwe, lililolala stoo miaka thelathini, sasa linang'aa. Ni mashine ya kuzungusha mti ili uchongwe mviringo, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Hata hivyo, mke wangu anauliza tendegu la kitanda liko wapi. Lilivunjika Desemba, nikaahidi kukereza jingine mwenyewe. Pembe ile imesimama juu ya kamusi na vitabu vyangu vitatu vya sarufi. Mke wangu amesema mashine hii haikerezi, inakera. Tendegu lisipopatikana kufikia Ijumaa, kerezo linahamia kwa kaka yake.

Jumanne, 4 Machi
Kaka yake huyo, shemeji yangu seremala, ameniandikia maelekezo ya kuliunganisha. Nilimfundisha darasa la sita. Hakuwahi kuvuka alama nne. Ameandika: "Skrubu ya nyuma ndiyo inayoubana mti. Ukishavalisha mkanda, ikaze sana." Ikaze! Mkanda, ikaze! Nimetafuta kalamu nyekundu. Nimesahihisha: "ukaze sana." Alama mbili kwa kumi. Sikuona haja ya kuthibitisha kitabuni. Isitoshe, vitabu vimelaliwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeukaza mkanda hadi ukalia kama gitaa. Nikaweka mti. Nikakanyaga kwa uzito wangu wote. Mti ukazunguka mara mbili, ukachomoka, ukaingia sebuleni kupitia dirishani, ukavunja kioo cha cheti changu cha kustaafu. Mke wangu alitokea na beseni, akauliza kama hilo ndilo tendegu. Nikamjibu kwamba kwa sasa ni gogo.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji amekuja na toroli. Saa moja asubuhi! Akaitikisa skrubu ya nyuma: imelegea kama jino la mtoto. Kisha akaiona karatasi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, mwalimu wangu wee, skrubu ni i-, mkanda ni u-, na kwamba fimbo ya kosa hilo nilimchapa mimi mwenyewe darasani. Mke wangu hakucheka. Ametoa uamuzi: kaka yake atanifundisha kukereza na toroli litaondoka tupu, ila kwanza niandike chini ya karatasi ile, kwa kalamu ile ile nyekundu, neno moja: Nilikosea. Shemeji ataibandika karakanani kwake. Jibu linatakiwa kesho.

Jumamosi, 8 Machi
Toroli liko mlangoni. Mke wangu anapita, anakohoa, anapita tena. Nimeikalia karatasi tangu chai ya asubuhi. Kusema kweli, kosa ni la shemeji: kwa nini hakurudia jina? Msomaji afanyeje?

Hata hivyo, nimeandika. Nilikosea. Mwandiko mzuri, wino umekolea. Ndipo nilipogundua kwamba kati ya e na a nimeacha upenyo. W moja nyembamba inaenea pale bila kubanana. Nilikosewa. Sarufi safi kabisa! Seremala hawezi kutambua.

Kalamu ninayo mkononi. Nikishaamua, nitaandika.